Anayemimina Ndiye Aonje

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nalisema hili mapema ili asije mtu akadhani nilikwenda kuyatafuta haya yaliyonipata. Watu huvuka bahari mbili kuja kuiona kreta ya Ngorongoro, ambayo kutoka mlangoni kwangu hapa Ganako, Karatu, ni safari ya pikipiki na jaketi zito. Mimi nimeiona kwenye kalenda ya duka la pembejeo, mwezi wa saba, ikanitosha. Kifaru alionekana mdogo kama inzi, lakini nimesikia hata walioshuka kwa magari walimwona wa saizi hiyohiyo.

Nina kuku, nina matuta ya vitunguu, nina jiko. Jiko ni langu kweli, si kwa kusema tu. Mke wangu ni mhudumu wa mezani kwenye loji moja iliyo njiani kwenda geti la hifadhi, na mtu aliyesimama tangu alfajiri akiwatabasamia Wazungu huwezi kumwambia jioni ageuze ugali. Kwa hiyo napika mimi. Mwaka wa kwanza majirani walicheka. Mwaka wa pili wakaanza kuja kuomba chumvi saa ileile ya kupakua, na ukiwakaribisha hawana roho ya kukataa. Kuhusu elimu, nilifika kidato cha nne, tukaachana na shule kwa amani, kila upande ukiamini umepata nafuu.

Sasa, loji ile ina watumishi wa aina mbili: wa kudumu na wa msimu. Watalii wakijaa, wote ni sawa, wote wanaitwa familia. Masika yakianza, barabara ikageuka uji na magari ya watalii yakapungua, familia inagawanyika. Wa kudumu wanabaki. Wa msimu wanaambiwa, "Tutawaita."

Mke wangu alikuwa wa msimu, miaka yote tangu tumeoana. Kila masika alirudi nyumbani na sare yake, akaifua, akaipiga pasi, akaikunja na kuitia ndani ya foronya, akaiweka juu ya kabati. Siku hiyo nilijua kutomsemesha. Siku ya pili ndiyo hatari ilipoanza, kwa sababu alihamia jikoni. Mke wangu asiye na kazi ni sawa na ng'ombe aliyefungwa pembeni ya shamba la mahindi: kamba itakatika tu, suala ni lini. Alihamisha masufuria yangu. Alipanga vikombe kwa urefu. Alinifundisha kukunja vitambaa vya mezani kwa umbo la bata, katika nyumba isiyo na vitambaa vya mezani. Lakini usiku nilimsikia akigeukageuka, na nilijua hawazi bata. Anawaza kama mwaka huu wataita kweli.

Jioni moja ya kiangazi akaingia na jaketi lake, hata kuketi hajaketi.

"Baba watoto, kuna nafasi ya kudumu."

"Ya nini?"

"Ya waini."

Akanieleza. Madam, yaani mama mwenye loji, alikuwa amechimba chumba chini ya ukumbi wa chakula, cha kulaza chupa za waini. Kulaza, ndiyo. Zinalala ubavu kama wagonjwa wa wodini, na zina kipimajoto chao. Alitaka mtu mmoja wa kudumu wa kushika ufunguo wa chumba hicho na kuwahudumia wageni waini mezani. Wahudumu watatu wangefanya jaribio: kila mmoja angepewa waini yake, aijue, aimimine mbele ya wageni rasmi, na ailetee chakula cha kwetu kinachoendana nayo. Mke wangu alikuwa ameangukiwa na waini nyeupe ya Hispania, changa, inayotoka upande wa baharini wenye mvua nyingi.

"Vizuri," nikasema. "Sasa tatizo liko wapi? Maana umesimama kama mtu mwenye tatizo."

"Nimeokoka," akasema.

Hapo nikamwelewa. Mke wangu ni mlokole wa kweli, kiongozi wa sauti ya pili katika kwaya, na aliweka nadhiri mbele ya madhabahu kwamba kileo hakitapita midomoni mwake. Sasa alitaka kazi ya kuwaambia watu ladha ya kitu ambacho hatakionja hadi anaingia kaburini.

"Na mchungaji anasemaje?"

"Nimemuuliza. Amesema kubeba si kunywa."

"Kweli kabisa. Hata punda aliyembeba Yesu hakuokoka."

"Unaniita punda?"

"Nakusifu."

Alicheka, lakini kwa nusu ya mdomo. Kisha akatoa kwenye begi lake chupa ndefu ya kijani, iliyobaki kidogo zaidi ya nusu. Madam alikuwa amewaruhusu kuchukua mabaki ya mezani kwa ajili ya mazoezi. Akaiweka mbele yangu, akaketi, akakunja mikono.

"Wewe ni Mkatoliki," akasema.

Mimi ni Mkatoliki wa Krismasi na Pasaka, lakini sikuwahi kufurahia imani yangu kama jioni ile.

"Utakuwa ulimi wangu," akasema. "Unaonja, unanisimulia, nakariri. Na chakula utatafuta wewe, maana jiko si ni lako?"

Ndivyo nilivyoingia kwenye taaluma. Nilimimina kwenye kikombe cha chai, kwa kuwa glasi zenye shingo hatuna. Mke wangu alikuwa na karatasi ya mafunzo aliyopewa loji. Akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya kanisani: "Harufu ya ndimu. Tufaha la kijani. Pichi. Na mawe yaliyolowa mvua."

Nikanusa. Ndimu niliipata. Tufaha nililipata kwa imani. Pichi nilimwambia ipo, kumtia moyo. Lakini mawe!

"Mawe gani?"

"Yaliyolowa mvua."

"Ya mtoni au ya barabarani? Maana kuna tofauti."

"Baba watoto, nina siku chache."

Mimi nikipewa kazi huwa naifanya. Kesho yake kulinyesha manyunyu, nikatoka nje, nikainama nikalilamba jiwe letu la kunolea mapanga. Nilipolilamba mara ya pili kwa uhakika zaidi, nikasikia kikohozi upande wa ua. Jirani yangu alikuwa amesimama hapo na kibakuli chake cha kuombea chumvi.

"Jirani," akasema taratibu, "kama mmeishiwa mboga, si mngesema tu?"

Lakini naapa, mawe yalikuwemo. Kuna chumvi fulani ya mbali kwenye jiwe lililolowa, na ile waini ilikuwa nayo, mwishoni, baada ya kumeza. Nilimwambia mke wangu kwa furaha ya mtu aliyegundua dawa. Akaandika kiganjani kwa kalamu: *mawe kweli*.

Chakula ndicho kilichonitesa. Karatasi ilisema waini hii inapenda chaza, kome, pweza na samaki wabichi. Karatasi haikuwa imewahi kuishi na mama yangu. Mama yangu mzazi, ambaye tunakaa naye, ni Mwiraqw wa zamani, au Mmbulu kama majirani wanavyotuita, wa kizazi kinachoamini samaki ni nyoka aliyehamia majini kukwepa lawama. Nilileta perege mmoja kutoka sokoni, nikamkaanga nyuma ya banda la kuku kama mtu anayechoma ushahidi. Na ladha? Niseme ukweli: perege wa chumvi na ndimu pamoja na ile waini walisalimiana kama ndugu wa tumbo moja. Mama alikaa siku mbili bila kushika sufuria yoyote ndani ya nyumba, hata zile ambazo hazikuhusika.

Tukaendelea. Kwa makande, waini ilipita kama mgeni asiyesalimia. Kwa mchuzi wa ng'ombe haikusikika kabisa, kama mtoto anayetaka kuchangia kwenye kikao cha ukoo. Kwa pilipili waligombana, na uwanja wa ugomvi ulikuwa koo langu. Kwa maziwa mgando, tuliache hilo, nililala mapema. Kwa parachichi lenye chumvi ilikuwa nzuri. Na Jumapili nilipochoma mbavu za mbuzi mchanga, nikazisugua ndimu, nikaweka pembeni kachumbari ya vitunguu vya Mang'ola vilivyooshwa kwa chumvi mpaka vikatulia, nikanywa funda moja juu ya mafuta ya mbuzi, mdomo wangu ukabaki safi kana kwamba sijala kitu. Nikataka kula tena. Nikala tena. Nikanywa tena.

"Nini?" mke wangu akauliza, akinitazama kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

"Inaosha mafuta," nikasema. "Kila funda unaanza upya, kama hujawahi kula mbuzi maishani."

Akafumba macho akayarudia maneno hayo kimoyomoyo. Nilimwona midomo ikicheza. Alikuwa anajaribu kuonja kwa masikio.

Mama alikuwepo jioni hiyo, akaomba na yeye aonje hiyo pombe ya Wazungu. Mke wangu, kwa kuwa alitaka mazoezi, akasimama wima, akakunja kitambaa mkononi, akamwonyesha mama chupa, akamimina kidogo sana kwenye kikombe, akarudi nyuma hatua moja akisubiri mama aonje na kutikisa kichwa, kama walivyofundishwa.

Mama hakugusa kikombe.

"Mbona hujaonja?" akamuuliza.

"Mama, kwa waini, mgeni ndiye anaonja kwanza."

"Anayemimina ndiye aonje. Toka lini mgeni akatangulizwa kufa?"

Nililazimika kuinuka, nikachukua chupa, nikamimina mimi, nikanywa mimi, nikasubiri kidogo ili mama aone sianguki, ndipo nikampa. Ndivyo tulivyolelewa: pombe ikitoka jikoni, aliyeileta anakunywa funda la kwanza mbele ya macho yako. Ni adabu, na ni uthibitisho kwamba hakuna mkono mbaya ndani yake. Mke wangu alicheka, akasema loji si kilabu cha pombe. Mama alionja, akaweka kikombe chini.

"Haijaiva," akasema.

Kumbe hakuishia kusema. Asubuhi niliikuta ile chupa imefunikwa blanketi, imeegemezwa kwenye mafiga yenye majivu ya moto, sawasawa na anavyofanya na pombe yake ya asali isipochachuka vizuri. Alikuwa anaisaidia. Niliionja. Ndimu ilikuwa imekuwa siki, pichi imekufa, na mawe yamekuwa mawe tu. Hivyo ndivyo tulivyojifunza somo kubwa kuliko yote kwenye karatasi: waini hii haitaki joto hata la huruma. Kuanzia siku hiyo mabaki yote niliyalaza ndani ya tangi la maji nje, na usiku wa Karatu, ambao husababisha watu kulala na soksi, ukafanya kazi ya friji bila umeme.

Siku ya jaribio ilikuwa Jumamosi mchana. Kwa kuwa chakula kilitoka jikoni kwangu, nililazimika kufuatana nacho. Nilipanda bodaboda na sufuria la mbavu mapajani, macho nimefumba, na njia nzima dereva alikuwa anauliza kama naumwa. Nilikuwa sijatoka Ganako tangu msiba wa shangazi.

Mpishi mkuu alinipa kona jikoni, nikaziweka mbavu juu ya makaa dakika za mwisho, kisha nikasimama kwenye mlango wa kuingilia ukumbini, nimevaa aproni yangu yenye picha ya alizeti niliyopewa na wauza mafuta ya kupikia. Kutoka hapo niliona kila kitu.

Mezani walikuwa watu watatu. Madam, amevaa shanga nyingi kuliko Mmasai yeyote niliyewahi kumwona. Mhispania mmoja mwembamba, muuzaji wa ile waini, ambaye alinusa kila kitu, mpaka kijiko. Na kwenye kiti cha heshima mzee wa Kimasai, mfugaji kutoka juu huko Ngorongoro, mwenye rungu jeusi na blanketi la miraba ya rangi mbili. Nilisikia jikoni kwamba madam alikuwa na mpango wa kuweka mahema ya wageni karibu na kijiji cha mzee huyo, na hakuna hema litakalosimama kabla mzee hajasema neno. Kwa hiyo hata madam alikuwa anafanya jaribio lake siku hiyo.

Wahudumu wawili wa kwanza walipita salama, kwa sababu madam alitangulia kumpa Mhispania aonje. Mmoja wao ni sauti ya kwanza kwenye kwaya ileile ya mke wangu, ila yeye alikuwa amepewa waini isiyo na kileo, sijui kwa bahati gani. Sasa akawa amesimama ukutani, simu mfukoni, akitazama. Na lile kundi la kwaya kwenye simu, nakwambia, lina kasi kuliko redio.

Akaingia mke wangu. Jamani. Nimemwona siku ya harusi, nimemwona amebeba watoto wetu, lakini sijawahi kumwona akitembea hivyo, chupa kwenye kitambaa cheupe, mgongo umenyooka kama mwenge. Akaionyesha chupa. Akafungua bila kelele. Akasema ndimu, tufaha, pichi, na mawe yaliyolowa mvua, na aliposema mawe sauti yake haikutetemeka, kwa sababu mawe yale alikuwa na uhakika nayo.

Madam akatabasamu, akataka kumheshimu mgeni wake mkubwa. "Mpe mzee aonje kwanza."

Mke wangu akamimina funda moja kwenye glasi ya mzee, akarudi nyuma hatua moja.

Mzee akaitazama glasi. "Hii ni nini? Dawa ya macho?"

Watu wakacheka kwa adabu. Mzee hakucheka.

"Wewe mama hujaonja," akasema.

Moyo wangu ukaanguka kwenye aproni.

"Mzee," madam akaingilia, "utaratibu wa waini, mgeni ndiye anaonja kwanza."

"Kwa nini? Mmegombana na mgeni?" Mzee akaegemeza rungu mezani. "Hawa Wambulu babu zangu walipigana nao, wakachukuliana ng'ombe miaka na miaka. Na bado, siku ukienda kwao, hawakupi kinywaji kabla hawajaonja. Maadui hao! Sasa wewe unanikaribisha kama rafiki, halafu mimi ndiye nijaribiwe?"

Madam akamgeukia mke wangu, akatoa macho. Maana yake ilikuwa rahisi: *kunywa*. Mke wangu akashika chupa kwa mikono miwili. Nikaona kidole gumba chake kinasugua lebo. Sauti ya kwanza pale ukutani ilikuwa imeweka mkono mfukoni.

"Mzee," mke wangu akasema, "nisamehe. Mimi nimeokoka. Niliweka nadhiri. Sinywi."

Mzee hakukasirika, ndilo jambo lililokuwa baya. Aliuliza kwa upole kabisa, kama mtu anayetaka kujua njia.

"Kwa hiyo unanipa mimi kitu ambacho Mungu wako amekukataza wewe?"

Hata Mhispania, ambaye hakuelewa neno, aliacha kunusa. Nikamwona mke wangu anatazama ile chupa, na nilimjua vya kutosha kujua anachokihesabu: upande mmoja foronya juu ya kabati, upande wa pili madhabahu. Akinywa, amepoteza neno lake. Asiponywa, masika yanakuja. Na mkono wake ukaanza kuinuka kuelekea glasi.

Sijui miguu yangu ilipata wapi ruhusa. Nilijikuta katikati ya ukumbi na sahani ya mbavu mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye nimepika. Na huyu ni mke wangu." Maneno yakaja yenyewe, kama yanavyokuja kwa mtu ambaye hana cha kupoteza zaidi ya aproni. "Mzee, kanisani kwao wanafundisha mume na mke ni mwili mmoja. Sasa mwili huu umeokoka nusu. Mimi ndiyo nusu iliyobaki. Anayemimina ni sisi. Atakayeonja ni sisi."

Mzee akanitazama kuanzia alizeti mpaka viatu.

"Nusu ya juu au ya chini?"

"Ya mdomo, mzee."

Hapo akacheka, kicheko cha kifua kinachotikisa shanga. "Haya, mdomo. Onja."

Mke wangu akanimiminia. Nilikunywa kama mama alivyonilea: funda lote, kwa sauti, mbele ya macho yake, nikafuta midomo, nikasimama nikisubiri ili aone sianguki. Kisha nikachukua ubavu mmoja nikaung'ata, kwa kuwa na chakula nacho ni hivyohivyo. Ndipo mzee akainua glasi. Akanywa. Akachukua ubavu, akala mpaka mfupa ukawa mweupe. Akanywa tena.

"Chachu kidogo," akasema. "Lakini inaosha mafuta."

Mke wangu aligeuza kichwa akanitazama. Maneno yale aliyakariri siku nyingi kutoka kinywani mwangu, akiyaamini bila kuyaona, kama tunavyoamini mengine. Sasa alikuwa ameyasikia kwa mtu ambaye hakuoana naye.

Mhispania naye akachangamka, akaniuliza kwa kupitia madam nimejuaje hayo mawe yaliyotajwa. Nikasema ukweli: nimelamba jiwe la kunolea panga, mara mbili, jirani ni shahidi. Madam akatafsiri. Kidato cha nne changu kilitosha kunijulisha kwamba panga halikutajwa, wala jirani, na kwamba nimekuwa mtu wa uzoefu wa muda mrefu.

Kesho yake madam akatuita ofisini wote wawili. Nilidhani nakwenda kukemewa.

"Nafasi ni yako," akamwambia mke wangu. "Ya kudumu."

Mke wangu akafunika uso kwa mikono. Nikataka kumshika bega, lakini madam alikuwa hajamaliza.

"Ila na yeye aje." Akaninyooshea kalamu. "Ile ya jana ilikuwa nzuri mno. Mke anamimina, mume anaonja kwanza. Mila halisi ya Karatu! Tutaifanya iwe ekspiriensi. Kila jioni, kabla ya chakula cha usiku."

"Madam, mimi ni mtu wa nyumbani."

"Utavaa shuka jekundu."

"Madam, mimi ni Mwiraqw."

"Wageni hawajui," akasema, kwa upole wa mtu anayetoa habari njema.

Nikamtazama mke wangu kati ya vidole vyake. Jicho moja lilikuwa linanitazama. Ungekuwa wewe ungesemaje?

Basi msimu mzima nilifanya kazi ya kunywa. Kila jioni gari la loji lilinifuata Ganako. Mimi niliyeridhika na kalenda. Mke wangu alikuwa na ufunguo wa chumba cha waini shingoni, anashuka chini, anapanda na chupa, anamimina. Mimi natoka nyuma ya pazia na shuka, ngoma ya kwenye spika inapigwa, sijui ya kabila gani, naonja, nasubiri nisianguke, wageni wanapiga makofi na picha. Mtalii mmoja aliniuliza kama mke wangu amewahi kuniwekea sumu. Nikamjibu kwamba kwa jinsi anavyohamisha masufuria, mimi ndiye ningepaswa kushukiwa. Madam akatafsiri kuwa ndoa zetu zina upendo mkubwa.

Mama yangu aliponiona nimevaa, alikaa chini kabisa kucheka. "Umevaa nguo ya watu walioswaga ng'ombe wa babu yako!" Na yule mzee wa Ngorongoro, alipopita tena kuzungumza habari za mahema, alinisimamisha mlangoni, akanigeuza mzima kama mbuzi mnadani.

"Kijana," akasema, "umefunga shuka kama mtu anayetoka kuoga." Akalifungua na kulifunga upya yeye mwenyewe, taratibu, akinong'ona kwa Kimaa maneno ambayo nilishukuru kutoyaelewa. Mahema hakuyakubali, nilisikia baadaye. Alisema bado anaonja.

Mke wangu mpaka leo hajaonja tone. Lakini msikie akimweleza mgeni ile waini ya Hispania! Anasema ni changa, ipewe baridi, ipewe kitu chenye chumvi na mafuta kidogo na ndimu, isipewe pilipili, na kwamba ukimaliza kumeza usubiri, kuna jiwe lililolowa mvua litakuja lenyewe. Wageni wanafumba macho, wanasubiri. Jiwe linakuja. Yeye anatabasamu kama mtu aliyelituma.

Kisha masika yakaingia. Yaliingia kwa nguvu, barabara ikawa uji, magari yakapungua. Madam akawakusanya watumishi ukumbini, akawashukuru kama familia, akasoma wa kudumu na wa msimu. Mke wangu alikuwa wa kudumu. Mimi nilikuwa wa msimu.

"Tutakuita," akaniambia.

Nilijitahidi kusikitika kidogo, kwa heshima ya kazi. Asubuhi iliyofuata mke wangu alivaa koti la mvua, akafungia ufunguo wake ndani ya shati, akaondoka kwenda kazini wakati mvua inapiga bati mpaka huwezi kusikia kuku. Alipofika mlangoni aligeuka, akanitazama nilipokaa karibu na moto, kikombe mkononi, miguu juu ya kigoda.

"Usihamishe vikombe nilivyovipanga," akasema.

"Na wewe usihamishe chochote jikoni kwangu," nikamjibu, lakini alikuwa ameshapiga hatua kumi kwenye tope, anaimba sauti ya pili.

Nililifua lile shuka. Lilipokauka juu ya jiko nikalipiga pasi, nikalikunja, nikalitia ndani ya foronya na kuliweka juu ya kabati, pale ilipokuwa ikikaa sare. Kisha nikaenda jikoni. Masufuria yalikuwa palepale nilipoyaacha.